Mbao ngumu zisomwe kwa vitabu viwili

Mhariri,

Nina dukuduku na wanaopima biashara ya mbao ngumu kwa dola peke yake: nchi hii mwaka jana iliuza kadhaa, mwaka huu kadhaa, basi imepanda. Mimi ni fundi seremala, naishi Pasua hapa Moshi (ni jina la mtaa, ingawa na kazi yenyewe ndiyo hiyohiyo). Mteja akiniletea gogo, na mwingine mbao zilizokwisha kupasuliwa na kukauka, siwapigii hesabu moja.

Chukua mpingo. Gogo lake likipasuliwa, kinachofaa kutengenezea ala za muziki kama klarineti au obo hakifiki sehemu moja ya kumi. Kilichobaki ni nyufa, maganda na vumbi. Sasa utailinganishaje nchi inayouza magogo na inayouza vipande vilivyochongwa? Forodha yenyewe hutenganisha kwa namba zake za bidhaa, magogo fungu la 4403, mbao fungu la 4407. Indonesia ilipozuia kuuza magogo nje mwaka 1985, na Gabon mwaka 2010, anayesoma fungu la kwanza tu angesema misitu imepumzika.

Linalonikera zaidi ni vitabu vya muuzaji na mnunuzi kutosomana. China ilibana ukataji wa misitu yake ya asili baada ya mafuriko makubwa ya 1998, ikageukia kwa wengine. Sisi Daraja la Mkapa likafunguliwa Rufiji mwaka 2003, malori yakapata njia ya kusini. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilionyesha kwamba China iliandika kupokea kutoka Tanzania mzigo mara kumi ya ule tuliouandika sisi. Mara kumi, Mhariri! Si yote ni wizi, niseme haki. Muuzaji huandika bei ya bandarini kwake, mnunuzi hujumlisha nauli na bima. Na magogo ya Zambia na Kongo yanayopitia Dar es Salaam yanaweza kuandikwa kwa jina letu. Ila nauli gani hiyo ya kuzidisha mara kumi?

Kulinganisha kunawezekana, tena karatasi tayari zipo. Mpingo uliingia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, Januari 2017, mninga na mkongo vikafuata 2023. Mzigo wa magogo au mbao zake hautoki nje bila kibali, na nchi zote mbili hutakiwa kuripoti. Basi Wizara ya Maliasili na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) watoe jedwali kila mwaka: kila aina ya mti peke yake, kwa meta za ujazo, magogo mbali na mbao mbali, na kando yake kile ambacho nchi iliyopokea imeandika. Warudi nyuma hata miaka ishirini, maana ya mwaka mmoja hayasemi kitu. Na gazeti lako lilichapishe lote, hata likila ukurasa mzima wa matangazo.

Mninga tunaofanyia kazi hapa Moshi hutoka mbali, Tabora na huko. Juzi nilitafuta ubao wa inchi moja kwa kumi na mbili wa mlango, muuzaji akanionyesha zilizopinda na kuniambia, "Fundi, nzuri zote zimeshaondoka." Nataka kujua zimeondoka ngapi, na aliyezipokea ameandika ngapi.

Fundi seremala,
Pasua, Moshi