Barua ya malalamiko: filamu ya vichekesho vya kinyaa mliyoiwekea alama ya "Familia"

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU FILAMU ILIYOWEKWA KWENYE SEHEMU YA "FAMILIA"

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wa huduma yenu ya filamu, na nawaandikia kwa sababu majibu niliyopewa na wahudumu wenu hayakugusa nilichokuwa nalalamikia. Jina la filamu na taarifa za akaunti yangu vimo kwenye fomu niliyokwisha kuijaza, kwa hiyo hapa nitakwenda moja kwa moja kwenye hoja.

Niseme mapema kwamba silalamiki kuwa filamu ina uchafu. Nilijibiwa kana kwamba mimi ni mzazi asiyeweza kuvumilia mtu kujamba kwenye skrini, na sivyo kabisa. Vichekesho vya kinyaa vina nafasi yake, na watoto wadogo ndio mashabiki wake wakubwa. Ushuzi, kamasi, mbeuo, hayo kwao ni raha tupu, na mzazi anayekaa nao anajua kwamba kicheko hicho hakina ubaya wowote. Mwanzoni mwa filamu hiyo kuna mbwa anayekula keki ya harusi yote, kisha anaitapika juu ya viatu vya bwana harusi wakati anajiandaa kupiga picha. Tulicheka sote, akiwemo mama yangu mzazi, ambaye si rahisi kumchekesha. Hakuna aliyeumia wala aliyedhalilishwa, na bwana harusi mwenyewe aliishia kucheka. Kama filamu yote ingekwenda hivyo, leo ningewaandikia kuwashukuru.

Mambo yaliharibika pale kicheko kilipoacha uchafu kikamhamia mtu. Kuna mvulana mnene humo ambaye kila akitokea ni wa kuchekwa. Siku ya tamasha la shule wenzake wanamtilia dawa ya kuendesha kwenye kinywaji. Anapanda jukwaani, anashika tumbo, na kamera haimwachi. Inakaa usoni mwake, jasho linamtiririka, midomo inamcheza, kisha inashuka taratibu mpaka kwenye suruali. Baadaye inageuka kutuonyesha ukumbi mzima umesimama na simu juu, watu wanamrekodi. Muziki wa shangwe unapigwa. Hakuna mwalimu anayemkimbilia wala rafiki anayemfunika kwa koti, na hadithi inaendelea kwingine kana kwamba hakuna kilichotokea. Mvulana yule harudi tena ila karibu na mwisho, anapoitwa kwa jina la utani alilopachikwa siku ile, na tunategemewa tucheke mara ya pili.

Binti yangu wa miaka 9 aliacha kucheka katikati ya tukio hilo. Akaniuliza, "Kwani huyo mama yake hayupo?"

Ndugu Meneja, mtoto yule aliona kitu ambacho idara yenu inayopanga filamu haikukiona. Mtu akitaka kujua kama kichekesho cha kinyaa kinafaa familia, wingi wa matapishi na kinyesi haumwambii mengi. La kutazama ni nani anachekwa, na filamu inamfanyia nini mtu huyo baada ya kicheko kwisha. Tukio hilohilo la kuharisha lingeweza kufaa kabisa kama dawa ile ingewarudia walioitia, au kama filamu ingekaa upande wa mvulana hata kwa nusu dakika, ikatuonyesha anakwenda kujisafisha na mtu mmoja anamsubiri mlangoni. Uchafu ungebaki uleule, lakini watoto wangejifunza jambo jingine.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba filamu ilipewa daraja la PG-13 Marekani, hivyo haina tatizo. Naomba mlitazame upya jibu hilo. Daraja la PG-13 lilianzishwa mwaka 1984 baada ya wazazi kulalamika kwamba baadhi ya filamu zilizopewa PG, daraja jepesi zaidi linalowataka wazazi wawe waangalifu tu, zilikuwa nzito mno kwa watoto wao. Maana yake ni kwamba wazazi wanaonywa vikali, kwa kuwa baadhi ya yaliyomo huenda yasiwafae walio chini ya miaka 13. Nyinyi mmelichukua onyo hilo mkaligeuza kuwa mwaliko, mkaiweka filamu safu moja na katuni za watoto wa chekechea.

Halafu daraja hilo haliendi peke yake. Marekani jopo la wazazi linalotoa madaraja huambatanisha maneno machache ya kueleza sababu: kama ni ucheshi wa kihuni, mambo ya ngono, lugha chafu au dawa za kulevya. Hayo ndiyo maneno ninayoyahitaji mimi. Uholanzi, tangu mwaka 2001, mfumo wao unaoitwa Kijkwijzer huweka umri pamoja na vipicha vidogo vinavyoonyesha kama kuna ukatili, vitisho, ngono, ubaguzi, ulevi au matusi. Uingereza bodi ya BBFC, inayotoa madaraja ya filamu huko, huandika maelezo marefu kidogo kwa ajili ya wazazi, na kwenye daraja la 12A mtoto wa chini ya miaka 12 haingii ukumbini bila mtu mzima. Kote huko wameshaona kwamba namba pekee haitoshi. Kwenye ukurasa wenu filamu hii ina "13+" kwa herufi ndogo, neno "Familia" kwa herufi kubwa, na maelezo ya mistari miwili kuhusu mbwa mtundu. Maneno ya onyo hayamo. Natamani kujua nani aliyaondoa na kwa nini.

Hata hiyo namba ina mipaka yake, na mnapaswa kuijua kwa kuwa ndiyo kazi yenu. Madaraja haya huona haraka vitu vinavyohesabika. Kwa mfano, kwa kanuni za Marekani, tusi moja kali lenye asili ya ngono huifikisha filamu angalau kwenye PG-13, na yakizidi hapo kwa kawaida inapanda kuwa R, ambako walio chini ya miaka 17 hawaingii bila mzazi au mlezi. Matusi yanahesabika, uchi unaonekana, damu inaonekana. Dhihaka haina kipimo cha namna hiyo. Filamu inaweza kumdhalilisha mtu mwanzo hadi mwisho bila tusi hata moja na ikapita salama. Ndiyo maana nasema mtu wa kwenu lazima aitazame filamu yenyewe kabla ya kuiwekea neno "Familia", kwa sababu neno hilo mmeliweka nyinyi. Bodi ya Marekani haikuliandika.

Kuna jingine ambalo mhudumu hakuligusa kabisa. Katika tukio moja vijana wanashindana kunywa sabuni ya maji, na anayebeua mapovu makubwa zaidi anashangiliwa. Hakuna anayeumwa. Kijana wangu mdogo, wa miaka 5, alitaka kujua kama shampuu nayo inatoa mapovu ya namna hiyo. Nilimweleza, na chupa zote sasa ziko juu asikoweza kufika. Lakini nawaza nyumba ambayo mzazi alikuwa jikoni na mtoto hakuuliza. Matendo ya hatari ambayo mtoto anaweza kuyaiga ni miongoni mwa mambo ambayo BBFC huyaangalia inapotoa daraja, na vichekesho vya kinyaa vimejaa matendo hayo kwa sababu vitu vyake vimo ndani ya kila nyumba: sabuni, choo, jokofu, sanduku la dawa. Hapo mstari mmoja tu wa onyo ungetosha.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, na ambalo haliwezi kutetewa kwa hoja ya ladha. Toleo mlilolionyesha si lile lililopewa PG-13. Muda wa filamu kwenye ukurasa wenu ni mrefu kuliko muda wa ile iliyoonyeshwa kwenye kumbi za sinema, na mwishoni kabisa, chini ya majina ya waigizaji, imeandikwa kwamba ni toleo lililoongezwa. Huko Marekani daraja huwa ni la toleo lililokaguliwa. Ukiongeza vipande, unakaguliwa upya au unatoa bila daraja. Kwa hiyo hata ile "13+" mliyoiegemea haiihusu filamu niliyoilipia.

Na vipande vilivyoongezwa ndivyo vibaya zaidi. Mwalimu mmoja amelewa chakari, amelala kwenye kochi hajitambui. Watu wazima wenzake wanamvua nguo, wanampaka uchafu, wanajipanga pembeni yake na kumpiga picha. Ni kipande kirefu, kinachezwa chote kwa ajili ya kuchekesha, na mwalimu akiamka anacheka nao. Mama yangu alinyanyuka akaenda chumbani kwake bila kusema neno. Mimi nilizima. Sitaki watoto wangu wafundishwe kwamba mtu asiyejitambua ni mali ya walio macho, wala kwamba ukifanyiwa hivyo wajibu wako ni kucheka. Uchafu aliopakwa unaoshwa kwa maji. Nilichobaki nacho mimi ni kazi ya kuwaeleza watoto wawili kwa nini watu wale walikuwa wanafurahi.

Msiniambie kwamba ningetazama trela kwanza, maana niliitazama. Ilikuwa na mbwa, keki, na mvulana akiteleza kwenye matope. Trela hukusanya vipande vinavyoweza kuonyeshwa mbele ya kila mtu, basi haiwezi kuwa ushahidi wa yaliyobaki.

Sidai kurudishiwa pesa, wala siombi filamu ifutwe. Watu wazima wanaotaka kuitazama waitazame. Ninachotaka ni iondolewe leo kwenye sehemu ya "Familia" na kwenye wasifu wa watoto, yaani ukurasa wao ndani ya akaunti, ambako bado ipo ninapoandika barua hii. Toleo lililoongezwa liandikwe hivyo pale juu, kabla mtu hajabonyeza, na lisivalishwe daraja la toleo jingine. Maneno ya sababu yanayokuja na daraja yarudishwe kwenye filamu zote, si hii pekee. Na kwa vichekesho vya aina hii, mtu aliyevitazama aandike sentensi mbili za kawaida: kuna uchafu wa namna gani, kuna mtu anayedhalilishwa, kuna jambo la hatari ambalo mtoto anaweza kuliiga. Wazazi hatulingani. Wapo watakaosoma sentensi hizo wakasema hewala, twende, na wapo watakaosubiri watoto wakue. Wote wawili mtakuwa mmewatendea haki.

Nimeambatanisha orodha ya matukio niliyoyataja pamoja na dakika yanapoanza, ili atakayeyakagua asihangaike kuyatafuta. Naomba nijibiwe kwa maandishi, na anijibu mtu aliyeitazama filamu yote, toleo hilohilo mlilotuonyesha sisi.

Wako,
Mzazi na mteja wenu.