Wasifu wa Shangazi uandikwe upya

Leeds, Februari

Baba Mdogo, shikamoo. Mama Mdogo, shikamoo nawe. Huku hatujambo, kazi zinakwenda, baridi ndiyo hiyo mnayoisikia.

Bajeti ya kumbukumbu ya Shangazi nimeiona kwenye grupu la ukoo: marumaru ya kaburi, matenti 3, viti 400, spika, MC, fulana zenye picha. Mchango wangu mmeshauandika kabla ya kuniuliza, nalo hilo nalipita. Nisiloweza kulipita ni ile karatasi ya wasifu: "Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu." Basi. Kisha majina ya wajukuu na shukrani kwa kamati. Mstaafu wa wapi, wakati ualimu wa serikali aliuacha mwenyewe, kwa barua, na nakala ya barua hiyo unayo wewe kabatini?

Andikeni hivi. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya afya ya redioni, Mtu ni Afya, dada yako alikuwa binti wa darasa la saba, na ndiye aliyewasomea kijitabu wazee wa kikundi cha wasikilizaji pale Uru, Kilimanjaro, redio ikishazimwa. Vyoo vilichimbwa, lakini yeye alichokisimulia maisha yake yote ni ubishi wa baada ya kipindi. UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilipoanza 1977 na walimu wakahitajika haraka, akachukuliwa: anajifunza ualimu hukohuko shuleni huku anafundisha darasa la kwanza. Vyama vya ushirika, vilivyovunjwa 1976, viliporudishwa miaka ya 1980, akaenda kuwa karani wa kupima kahawa. Cherehani alikuwa nayo muda wote. Na kikundi chake cha maigizo kikapita katikati ya hayo yote.

Kaka Mkubwa ameandika grupuni kwamba Shangazi "hakutulia sehemu moja". Nimesoma, nikanyamaza, sasa najibu. Kila kazi aliyoishika ilikilisha kikundi.

Chukueni igizo la mizani. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuanzia msimu wa 1994/95, kila mmoja alikuja na mizani yake na karani wake. Mtu asiyewahi kupima kahawa angemwigiza karani mwizi kwa kufoka na kuficha noti. Shangazi alimfundisha mwigizaji wizi wenyewe. Mizani ya kuning'iniza isomwe kabla gunia halijatundikwa, maana mshale usipokuwa kwenye sifuri mkulima ameshaibiwa. Gunia tupu lina uzito wa kilo 1 hivi, karani anakata 2 "za gunia", na kilo moja ya kahawa ya maganda ni kama kilo 5 za matunda mabivu ambayo mama wa watu aliinama kuyachuma. Halafu kuna ubichi: karani anang'ata punje, anakunja uso, "mama, hii bado", anashusha bei. Kahawa iliyokauka sawasawa, yenye unyevu wa asilimia 11 au 12, haibonyei ukiing'ata, inavunjika. Iliyo mbichi inabaki na alama ya meno. Kwa hiyo punje halisi zilipitishwa kwa watazamaji, za aina zote mbili, kila mtu ang'ate kabla karani hajafungua mdomo. Hayo hayafundishwi na mtu aliyetulia sehemu moja.

Huku Uingereza maigizo ya namna hii, yanayomshirikisha mtazamaji, yanasomewa shahada. Wanamtaja Augusto Boal wa Brazili, aliyelisimamisha igizo katikati na kumwita mtazamaji aingie. Anastahili. Lakini na kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akina Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa Malya, Mwanza, wakiwauliza wanakijiji kwanza na kuigiza baadaye. Mwezi uliopita maktaba ya mtaa wetu ilinialika kueleza haya, na picha yangu ikatoka kwenye jarida lao. Niliituma grupuni. Hakuna hata mmoja aliyejibu.

Sasa ombi langu. Baada ya ibada, kikundi kiigize. Iwe kabla ya chakula, kwa sababu sahani zikishatoka hakuna mtazamaji. Mada isichaguliwe na kamati. Waigizaji wapewe siku 2 wazunguke wawili wawili, kilabuni kwenye mbege, kwenye mashine ya kusaga, kijiweni kwa bodaboda, bila daftari. Ukitoa kalamu watu wanadhani ni kodi. Kisha wachague jambo moja. Mawili ni mengi, na matatu ni mkutano wa hadhara.

Waandaliwe watu 8. Sita wanatosha kuigiza, ila hamtawapata sita kwa pamoja: huyu ana msiba, yule ni zamu yake ya mfereji. Maneno yasiandikwe. Andikeni matukio 5, mstari mmoja mmoja, yabandikwe ukutani wakati wa mazoezi. Aliyekariri maneno, mtazamaji akiingia kati, anabaki ameduwaa.

Uwanja uwe duara, hatua 8 toka ukingo hadi ukingo. Saa kumi jioni jua liko magharibi, basi watu wengi waketi jua likiwa mgongoni. Mkiwakalisha kinyume watakunja nyuso muda wote na mtadhani igizo limewaudhi. Spika msikodi. Mwenye maiki ndiye mwenye neno, na bibi aliyeketi nyuma hatainuka kuifuata.

Ngoma zianze nusu saa mapema ndizo ziite watu. Mwezi wa nne ukungu wa Uru unalegeza ngozi, ngoma inalia kama debe lililojaa maji. Ziote moto wa majani makavu ya mgomba, umbali wa mkono mzima, zikizungushwa mpaka sauti ipande. Mkizisogeza zaidi, ngozi inachanika pale kwenye vigingi, na hapo hakuna dawa isipokuwa kuwamba upya.

Igizo lichukue dakika 25, lisimame mambo yakiwa yameharibika kabisa. Hapo mchokoza mada, yule anayeongoza mjadala, anaingia. Asiulize "mmejifunza nini?", maana atajibiwa yale ambayo watu wanadhani anayataka. Aulize, "Wewe ungekuwa yule mama, ungemwambia nini huyu sasa hivi?" na amwite aje aseme akiwa ndani ya duara. Aanze na vijana. Mwenyekiti wa kitongoji apewe kazi ya kushika saa. Akizungumza wa kwanza mjadala umekufa, kwa kuwa hakuna atakayempinga mbele ya wageni. Shangazi alimkabidhi saa kila onyesho, naye kila onyesho aliipokea kwa fahari. Mlevi asifukuzwe. Apewe gunia abebe.

Mavazi yote yamo kwenye sanduku la bati. Kila vazi limeshonwa kwa kipimo kimoja kikubwa, na kamba kiunoni, ili anayeziba pengo la aliyekosekana avae bila kurekebishiwa. Litazameni koti la karani: mfuko wake mmoja umeshonwa kwa nje, mdomo umeachwa wazi upande wa watazamaji, ili noti ya rushwa ionekane ikiingia hata na aliyekaa mwisho. Koti hilo lisije likagawiwa kwa mtu kama nguo ya marehemu.

Pesa nimezigawa hivi. Saruji na msalaba, laki 3. Kwenye marumaru na fulana simo. Laki 5 ni za kuwamba ngoma 2, ngozi ya ng'ombe kwa ile kubwa na ya mbuzi kwa ndogo, chakula cha waigizaji siku za mazoezi, na kudurufu madaftari yote ya Shangazi. Zitakwenda kwenye simu ya Mama Mdogo, si kwenye akaunti ya kamati. Usininunie, Baba Mdogo. Yaliyotokea kwenye hesabu za msiba wa Babu unayajua kuliko mimi.

Habari ya kibanda chake cha kihambani, kwenye shamba la ukoo, siigusi kwa barua.

Siku hiyo mkipika mtori, mtu anirushie video toka ndizi zinamenywa. Huku ndizi za kupika zinauzwa kwa kuhesabu, na si mshare, ndizi zetu za mtori. Nikianza kuliandika hilo sitamaliza.

Wasifu mpya nautuma Jumapili, ni kurasa 2. Usomwe wote, na asome Mama Mdogo.

Mimi mwanao.

N.B. Ufunguo wa stoo anao Mama Mdogo. Kuku watolewe mle kabla ya masika, na ngoma zitundikwe juu kwenye boriti, mbali na panya. Ile ndogo tayari imetafunwa upande mmoja.