Kesi ya darubini yako

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi wazima, hofu ni kwenu tu. Haya, salamu zimetosha. Kaa kitako, maana nina jambo la kukiri, na nikizidi kuzunguka nitalikimbia tena kama nilivyolikimbia miezi minne hii.

Ni darubini yako. Ile ya macho mawili uliyoniachia ukasema niitunze kama mboni ya jicho. Ilianguka. Sikuiangusha mimi, na aliyeiangusha simtaji kwa sababu ana miaka sita na ameshalia vya kutosha. Kwa nje haikuwa na hata mkwaruzo, nikashusha pumzi. Usiku nikaielekeza mwezini, nikaona miezi miwili, mmoja umepanda begani mwa mwenzake. Prizimu ya upande wa kulia, kile kipande cha kioo kinachogeuza picha, imehama mahali pake. Nikijikaza kuangalia, macho yanahangaika kuunganisha picha zisizotaka kuungana, na baada ya dakika tano kichwa kinagonga.

Hapo ndipo ningekuandikia. Badala yake nikachukua bisibisi.

Usinipigie simu kwanza, malizia kusoma. Upande wa kushoto ni mzima, sijaugusa. Huu wa kulia ulishakufa, na mimi nilikuwa na lenzi ya miwani ya kusomea, namba +1, inazagaa kwenye droo. Namba hiyo maana yake lenzi inakusanya mwanga mita moja kutoka ilipo. Nilihakikisha mwenyewe: nikazima taa, nikaishika kati ya dirisha na ukuta, nikaisogeza polepole, na ilipofika kwenye mita moja hivi, ule mti wa mbali ukajichora ukutani kichwa chini, majani yanatikisika. Nilisahau kabisa kwamba nina hatia.

Lenzi ndogo ya jichoni niliyoitoa kwenye darubini yako inakusanya mwanga kama milimita 20 tu kutoka ilipo. Gawa 1,000 kwa 20, unapata mara 50. Ile yako nzima ilikuza mara 10 tu! Basi nikaunganisha: bomba la plastiki, kadibodi ya kukunja, selotepu isiyo na idadi, ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Mwezi ukatokea na pindo la zambarau kuuzunguka, kwa sababu lenzi moja tupu haikusanyi rangi zote mahali pamoja. Dawa yake inauma lakini inaponya: nikaziba mbele kwa kadibodi yenye tundu la milimita 30. Mwanga unapungua, picha inatulia. Galileo, yule mtazama nyota wa Italia wa zamani, naye aliziba lenzi zake hivyohivyo, kwa hiyo kwa hilo sioni aibu. Aibu yangu ina mahali pake, unapajua.

Lakini Hamisi, lenzi si kazi. Kazi ni stendi! Nilifunga bomba kwenye stendi ya kamera, na ukikuza picha mara 50, mtetemo nao umeukuza mara 50. Nikigusa ili nilenge, nyota inarukaruka kama kiroboto. Nikiacha kugusa, nahesabu hadi nane ndipo itulie. Ikitulia, iko mlangoni inatoka, maana dunia inazunguka na haimngoji mtu. Sayari inavuka duara ninaloliona ndani ya bomba, ukingo hadi ukingo, kwa dakika tano hivi. Juu ya hayo kila kitu kiko kichwa chini, kwa vile prizimu ndizo zilizokuwa zikiigeuza picha na mimi nimezitoa, kwa hiyo kila ukiifuata unaifukuza. Usiku wa tatu nilikuwa natukana, nikidhani ni kimoyomoyo, hadi jirani akauliza kama nimepoteza kitu.

Saidi, unamjua, akasema ninunue stendi nzuri. Mdomo haulipi. Mimi nikafuata njia ya John Dobson, yule mtawa wa San Francisco aliyesaga vioo vya darubini kutokana na vioo vinene vya madirisha ya meli. Yeye miguu mitatu aliachana nayo kabisa: bomba linalala kwenye sanduku la mbao, sanduku linazunguka juu ya vipande vya plastiki telezi, na uzito wenyewe ndio unaolishikilia. Plaiwudi, msumeno, mchana mmoja. Nikalisukuma kwa kidole, likaenda. Nikatoa kidole, likabaki palepale. Nilikaa nalisukuma huku na huku mchana kweupe bila kuangalia chochote, mke wangu amesimama mlangoni ananitazama tu.

Usiku huo, Mshtarii. Si nukta, ni kiduara kabisa, na pembeni nukta tatu, miezi yake, zimejipanga kama shanga. Nikauliza, ya nne iko wapi? Galileo naye tarehe 7 Januari 1610 aliona tatu, ya nne akaipata tarehe 13. Mimi nilingoja usiku mmoja tu. Nne, na zote zimehama viti. Ule mwezi wa ndani, Io, unamaliza mzunguko wake kwa saa 42 na nusu, kwa hiyo hata ukikaa nao jioni moja unauona ukisogea. Nimeichora yote kwenye daftari. Kwa jicho la darubini yako iliyokufa, Hamisi. Sisemi hivyo ili unisamehe. Haya, nasema hivyo ili unisamehe.

Upande wa kushoto nimeufunga kwenye kitambaa. Kwa jicho moja unafaa sana, na kwa Kilimia unalishinda bomba langu: kundi zima la nyota halienei kwenye duara langu jembamba, ila humo linaenea na nafasi inabaki. Watoto tu wasiuelekeze juani, hata kidogo. Jicho linaungua bila kuuma, unashtukia baadaye.

Sasa, nikurudishie huo wa kushoto au nikae nao hadi uje? Unakuja lini kwani? Nikulipe, au nikutengenezee bomba lako? Na kama ni bomba, huna miwani ya zamani ya +1? Zuhura (binadamu, si sayari) bado amekununia? Mwanao mkubwa ameacha kuogopa giza? Maana nina kazi naye. Na lile swali nililolisogeza hadi huku kwa makusudi: zile santuri za marehemu mjomba bado zipo? Sanduku linakwama kidogo likianza kuzunguka, na nikilitandikia santuri juu ya vile vipande vya plastiki litateleza. Moja tu. Ile iliyokwaruzika. Nitaitunza kama... basi, nitaitunza.

Wako mwenye hatia,
Juma