Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Desemba 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wasukaji wa vikapu na matenga, kamwene.

Namshukuru Mungu kwa uhai, na ninyi 23 mliofika. Barua za mwaliko ziligawiwa 58, nyingine nilizipeleka mwenyewe jioni kwa baiskeli. Akidi yetu ni 30. Katibu ameshauri tuendelee hivyo hivyo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulisuka, tuliuza. Agosti tulikwenda Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale kule Mbeya. Vikapu viliisha, matenga ya mianzi tulirudi nayo karibu yote. Tulifiwa na mwenzetu mmoja, rambirambi ilifika. Wagema ulanzi, pombe ya mianzi, walikuwa na msimu mzuri, pengine mzuri kupita kiasi, nitafika huko.

Mapato yalikuwa shilingi 861,500: ushuru wa vikapu 487,500, matenga 160,000, ada 214,000. Matumizi 803,000. Baki 58,500. Vitabu viko kwa mweka hazina.

Sasa lile lililosemwa mpaka kisimani: kufungwa kwa kinamasi cha milulu, majani tunayosukia vikapu, kuanzia Januari 15 hadi Julai 15.

Imesemwa mimi fundi matenga nitajua nini habari za milulu. Mimi nimekulia ndani ya milulu. Marehemu mama alisukia mlangoni, na kazi yangu utotoni ilikuwa kumchambulia, mirefu huku, mifupi kule. Alikata kwa mundu, shibiri moja juu ya maji, shina likabaki lichipue. Desemba ya mwaka jana nilishuka mtoni na katibu tukakuta milulu imeng'olewa na mizizi yake, tope jeusi limegeuzwa kama shamba la viazi. Vinyungu vipya, bustani za bondeni, vimeingia katikati ya kinamasi, majani ya maboga yanagusa maji. Ruaha Mdogo inapita rangi ya chai ya maziwa. Nilihesabu hatua kutoka majini hadi tuta la kwanza: 9. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60. Siku mtu wa serikali angeshuka na sheria hiyo mkononi, tungekosa vinyungu na milulu pia. Nikaona heri tujifunge wenyewe.

Imesemwa sikuitisha kikao. Niliitisha, Januari 6, mkaja 14. Mlitaka mwenyekiti asubiri milulu iishe ndipo akidi itimie? Wengine niliwapita njiani mmekaa kwa mgema, mbeta ya ulanzi mkononi, mnanipungia. Mtogwa, ulanzi mbichi, ni mtamu, sikatai, na mimi nakunywa. Ila baada ya kikao.

Na la mlinzi wa kinamasi. Ndiyo, ni mtoto wa dada yangu. Nafasi ilitangazwa kanisani na msikitini, shilingi 50,000 kwa mwezi, kulala mtoni na mbu. Hakujitokeza mtu. Ilipofika mwezi wa kwanza wa malipo ndipo wenye sifa wakaonekana. Kijana huyo alikamata watatu usiku wakiwa na majembe. Majina ninayo, leo sitayasoma.

Mama zangu wasukaji, najua mliumia. Miezi sita mlinunua milulu ya mabonde ya mbali, na mkishauza kikapu mnabaki na hela ya chumvi. Sikulala vizuri kwa hilo. Lakini Julai tulipofungua milulu ilinifika begani, na waliosema nimewatia njaa ndio waliotangulia na miundu. Sikusikia asante, wala siidai. Niongeze tu kwamba kinyungu cha kwanza kufutwa kilikuwa changu, kikiwa na mahindi yaliyoanza kubeba. Mke wangu yuko hapa, muulizeni tulikula nini mwezi ule.

Ada. Ni 1,000 kwa mwezi, bei ya soda na andazi. Tungelipa wote tungekuwa na 696,000, tumekusanya 214,000. Waliomaliza mwaka ni 11. Wengine mmelipa mwezi mmoja, miwili, na wapo ambao tangu waandikishwe hawajawahi kuona risiti yetu ina rangi gani. Hao ndio walioniuliza kwa sauti kubwa fedha za mlinzi zimetoka wapi. Zimetoka kwa wale 11 na kwenye ushuru wa vikapu.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata banda kando ya barabara kuu, Ipogolo au popote patakapowezekana. Tutajitahidi kuwaona SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuhusu mafunzo ya rangi. Mianzi nayo tuipande, mvua zikikubali. Ofisi tutaitazama hali ikiruhusu.

Kinamasi kitafungwa tena Januari. Safari hii kwa miezi minne, maana nimesikia. Anayepinga aje kikaoni.

Mweka hazina amekaa pale chini ya mwembe na kitabu cha ada. Njooni na hela kamili, chenji hana.