Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa yetu: ada mmechukua, taka mmetuachia

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: GARI LA TAKA KUTOFIKA MTAANI KWETU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima ya cheo chako, na nitajitahidi nisiivuke, ingawa nina hasira. Jumanne asubuhi wakusanya ada ya taka walikuja gengeni kwangu wakiwa na mgambo. Ada ya mwezi huu nilikuwa sijalipa. Niliwaonyesha kizimba, ambacho kipo hatua chache tu kutoka meza yangu ya nyanya, taka zimefurika mpaka barabarani, nikawauliza hiyo pesa nalipia kitu gani. Mmoja akanijibu kwamba kazi yake yeye ni ada, habari za gari niulize ofisini. Wakabeba mizani yangu na mabeseni mawili. Nimelipa, na faini nimelipa. Mizani nimerudishiwa, beseni moja limerudi limepasuka. Taka zipo palepale.

Ofisini nimeshauliza. Mjumbe alinituma kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti kwa mtendaji, mtendaji akasema suala liko Manispaa. Huko Manispaa nikaambiwa nirudi mtaani.

Naomba nikukumbushe ulichotuahidi kwenye mkutano wa hadhara pale uwanja wa shule. Ulisema gari litapita Jumatatu na Alhamisi, kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Ukatuomba na sisi tutenganishe: maganda na mabaki ya chakula kivyake, plastiki na makopo kivyake. Tulikupigia makofi, na wengi wetu tulitii. Nilinunua viroba viwili kwa pesa yangu. Gari lilipokuja kufika, vijana wa mkandarasi wakavimwaga vyote viwili kwenye lori moja, juu ya rundo moja, mbele ya macho yetu. Tangu siku ile majirani zangu hawatenganishi tena, na siwezi kuwalaumu.

Nakuomba uje ukione hicho kizimba. Ni matofali pande tatu, upande wa nne uko wazi kuelekea kwenye mtaro. Mvua ikinyesha, maji meusi yanatoka humo yamebeba maganda ya maembe, pampasi zilizovimba na vile vifungashio laini ambavyo sasa vinatumika kama mifuko. Vyote vinaingia mtaroni, mtaro unaziba, maji yanarudi kwenye vyumba vya wapangaji. Wiki iliyopita funza walipanda mpaka kwenye baraza ninapopanga vitunguu. Niliwafagia, nikamwaga maji ya chumvi, baada ya muda wakapanda tena. Mteja akiona hivyo hanunui, na mimi sina cha kumwambia. Nyanya zinaniozea mezani, nazitupa kizimbani kulekule, na mwisho wa mwezi nadaiwa ada ya nyumba na ada ya biashara. Mwanangu mdogo ameharisha masika haya kuliko wakati wowote. Kila mwaka kipindupindu kikitajwa tunatangaziwa kwa kipaza sauti tunawe mikono na tuchemshe maji. Tunanawa, tunachemsha. Gari la taka haliwezi kuletwa na sabuni.

Kuhusu sababu, mtaani yanasemwa mengi. Dereva mmoja aliniambia dampo la Pugu Kinyamwezi liko mbali, na mvua ikinyesha malori yanakwama foleni kwenye matope. Wengine wanasema mkandarasi anaidai Manispaa. Mimi nahisi tatizo liko kwenye mkataba wenyewe. Tangu miaka ya 1990 Jiji la Dar es Salaam lilipoanza kuwapa watu binafsi kazi ya kuzoa taka, wengi wao wamekuwa wakiishi kwa ada wanayoikusanya kwa wananchi. Kila safari ya lori kwenda Pugu ni dizeli inayotoka mfukoni kwa mkandarasi, na kila anapotuma mgambo gengeni kwangu pesa inaingia. Sasa Ndugu Mkurugenzi, hapo atatuma kipi? Kama angelipwa kwa mzigo uliofika dampo, lori tungeliona.

Na mzigo wenyewe usingekuwa mkubwa hivi. Zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni vitu vinavyooza: maganda, mabaki ya chakula, majani ya sokoni. Mimi ni muuza genge, hilo naliona kila jioni. Hivyo ni mboji kwa wakulima wa mchicha wa mabondeni, hakuna sababu ya kuvichomea mafuta mpaka Pugu. Chupa za maji na makopo vijana wanavipitia alfajiri, wanavipakia kwenye guta na kwenda kuviuza kwa kilo. Hawa ndio wanaofanya ile kazi ya urejelezaji mnayoitaja kwenye hotuba, hawalipwi na Manispaa hata senti, na bado mgambo wanawafukuza. Wapeni vitambulisho na sehemu ya kuchambulia. Kinachobaki kizimbani ni kile ambacho hakina mnunuzi, na hicho ndicho kinachohitaji gari.

Haya ninayoomba si fadhila. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka jukumu la taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa. Na kabla ya sheria hiyo, wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kuishtaki Halmashauri ya Jiji kwa dampo lililowatesa kwa moshi, harufu na nzi. Walishinda. Jiji likawa linaomba kuongezewa muda, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akisema mamlaka ya umma haiwezi kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Alirejea haki ya kuishi iliyomo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Wale walikuwa wananchi wa kawaida kama sisi. Dampo likaondoka Tabata, likaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, na sasa Pugu. Sisi wa mtaa huu tumeanza kupata dampo letu bila hata barua ya kuarifiwa.

Usiniambie pia kwamba haiwezekani. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na ndani ya muda mfupi wauza genge wote tulikuwa tumebadilika, kwa gharama zetu. Serikali ikitaka jambo, linafanyika.

Nilikuwa na maombi mengi: mkataba ubandikwe ofisi ya mtaa tuusome, kizimba kizibwe upande wa mtaroni, lori lije na sehemu mbili ili kutenganisha kuwe na maana. Yote hayo yanaweza kusubiri. Gari haliwezi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu tutatoka kwenye usafi kama kawaida, tutazibua mtaro kwa majembe yetu, na tope lote pamoja na taka tutaliweka kando ya barabara. Kila mwezi linabaki hapo mpaka mvua inalirudisha mtaroni. Safari hii naomba gari liwepo siku hiyohiyo, kabla ya jioni, lipakie kila kitu tukiwa tunaona. Kisha Jumatatu lije. Na Alhamisi lije.

Naomba kuwasilisha.

Mimi,
Mwenye genge la jirani na kizimba, mlipa ada

Nakala:
Mheshimiwa Diwani wa Kata
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa