Somo, itoe mifuko ile chumbani mwa mtoto

Somo yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Mimi mzima, nyumbani wazima, Mama Mdogo anakusalimu na anauliza kama ule mguu umepona. Mengine yote yatangoja. Nimekaa kuandika saa hii ya usiku kwa sababu ya picha yako ya tatu.

Miezi saba kimya, halafu picha tatu kwa mpigo! Ile ya kwanza nimemwonyesha kila aliyepita hapa. Shada la uyoga limejaa, kofia zimepandana kama vigae vya paa, rangi ya kijivu inayoishia kwenye weupe. Uliandika tu, "Nimeweza, Somo." Umeweza kweli, na nimefurahi mpaka nimelengwa na machozi, kwa kuwa najua ulivyoanza. Ya pili, ile ya mfuko wenye ukijani, nitaifikia.

Ya tatu ndiyo iliyoninyima raha. Nimeikuza hadi mwisho. Mifuko mitano juu ya rafu, chini yake kitanda cha mtoto. Kofia zimefunguka zikawa bapa kama sahani, nyingine kingo zimekwisha kujikunja kwenda juu. Na kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda pametanda weupe kama unga uliopepetwa, na lile gari lake jekundu la plastiki limekuwa la waridi kwa juu. Chini yake umeandika, "Vumbi la hapa haliishi, nafuta asubuhi, jioni lipo tena. Na huyu naye anakohoa tangu wiki iliyopita, nadhani ni baridi."

Somo, hilo si vumbi la njiani. Hizo ni spora za uyoga, ile chembechembe ambayo uyoga huzalia. Hiyo mikunjo iliyo chini ya kofia ndiyo inayozimwaga, na kofia iliyokomaa inamwaga mamilioni kwa siku, mchana na usiku. Moja peke yake haionekani kwa macho, urefu wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Ukiona weupe juu ya gari la mtoto ujue zimekwisha kurundikana, na zile zilizobaki zikielea hewani ndizo anazozivuta akilala.

Usione nakutisha. Huu ni ugonjwa unaojulikana kwa wanaolima uyoga ndani, hasa aina hii yetu, uyoga wa mamama, maana unamwaga spora nyingi sana. Mapafu yanazikataa. Mtu anakohoa, kifua kinabana, saa chache baada ya kukaa nao anapata homa na baridi, mwili unauma, anadhani ni mafua. Akikaa mbali nao anapona. Akirudi, inarudi.

Mimi yamenipata, na sikukusimulia kwa sababu wakati ule tulikuwa hatuandikiani. Ulikuwa mzao wangu wa nne. Niliacha mashada matatu yanenepe zaidi, nikayavuna jioni mlango ukiwa umefungwa ili unyevu usitoke. Usiku nikatetemeka mpaka kitanda kikalia. Nikanywa dawa ya homa, asubuhi nikawa mzima, kesho yake nikavuna tena, usiku yakawa yaleyale. Daktari aliyenisikiliza kifua aliniuliza swali moja tu: "Jana ulishinda ukifanya nini?" Tangu siku hiyo navaa barakoa nikiingia kuvuna, nafungua dirisha kwanza, na siachi kofia hata moja ifunguke kabisa. Mimi mtu mzima niliyeingia nusu saa yamenikuta hayo, sembuse mtoto anayelala humo kwa muda wa saa kumi.

Pengine kikohozi chake kweli ni baridi. Mpeleke akaonwe, na umwambie daktari bila kuficha kwamba chumbani kuna uyoga. Usipomwambia hatabahatisha.

Basi fanya hivi, leo leo. Mtoto ahamie kwako. Fungua dirisha. Vuna kila kilichopo, hata kidogo, usikihurumie. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kugusa mifuko ili vumbi lisipande, kisha itoe taratibu, mmoja mmoja. Usifagie! Ukifagia unazirudisha zote hewani. Futa kwa kitambaa kibichi, ukisuuze, ufute tena: rafu, ubao wa kitanda, kingo za dirisha, gari. Mashuka na chandarua vifuliwe.

Najua utasema nyumba ni ndogo na chumba kile ndicho chenye joto zuri. Lakini uyoga huu haudai chumba cha kulala. Unajua ulianza kulimwa wapi? Ujerumani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu wakiwa na njaa, na waliuotesha juu ya visiki na magogo. Ni uyoga wa miti, kwao ni kivulini kwenye gogo. Pale nyuma, chini ya paa lile fupi unapoweka ndoo, panatosha kabisa. Zungushia kitambaa kisichozuia hewa, kiwe kibichi kila wakati, kizuie jua na nzi wadogo. Popote pasipolala mtu.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la vikonyo virefu. Uliuliza mbona mashada ya mfuko wa mwisho yana vikonyo kama penseli na kofia ndogo kama vifungo. Ni hewa. Uyoga haufanyi kama mmea wa kijani. Unapumua kama sisi, unavuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, na hiyo ikijaa chumbani, uyoga unarefuka kuitafuta hewa safi na kofia haikui. Ulifunga dirisha kulinda unyevu, nakuelewa, maana sote tulifundishwa "unyevu, unyevu" hadi tukasahau hewa. Ukihamia nje utaona tofauti kwenye mzao ujao. Unyevu upate kwa kulowesha sakafu na kile kitambaa, mara tatu au nne kwa siku, uwe kama asilimia 80 hadi 90. Usiyamwagie maji moja kwa moja machipukizi yakiwa bado kama vichwa vya pini, yataoza. Mwanga ule unaokuwezesha kusoma barua unatosha.

Kuhusu wakati wa kuvuna, usiwe mpole. Kofia ikiwa bado imeinamisha kingo zake chini kidogo, hapo ndipo. Zikinyooka umechelewa, zikijikunja juu zimekwisha kumwaga. Nakumbuka ulivyoniambia unasubiri uzito. Uzito hauongezeki tena hapo, nyama inakuwa nyembamba na ngumu tu. Tangu vichwa vya pini kutokea mpaka kuvuna ni siku nne, tano, sita kutegemea joto, na siku mbili za mwisho unakua mbio mno, kwa hiyo angalia asubuhi na jioni. Shika shada lote karibu na mfuko, lizungushe, litoke zima. Usikate ukaacha kisiki, kisiki kinaoza na kuita nzi.

Sasa ule ukijani. Umeuliza kama ukikata pale palipo kijani unaweza kuendelea na palipobaki. Hapana, Somo. Ukungu ule unaanza mweupe kama utandu wetu, zile nyuzi nyeupe za uyoga, ukiuona kijani ndiyo umekwisha kuzaa, na weupe wake umeshaingia ndani kuliko unavyoona. Ukiukata unaupuliza kwenye mifuko mingine minne. Usiufungue mfuko huo kabisa. Utoe kama ulivyo, uuzike mbali na mahali unapofanyia kazi, kisha nawa mikono kabla ya kugusa ile mizima.

Kwa nini ukungu umeingia? Nilipopatwa mimi nilipoteza mifuko 12 kwa siku moja. Nilikuwa nimechemsha mabua ya kujazia mifuko vizuri, nikayaacha yapoe, nikaweka mkono juu, nikaona yamepoa. Juu yalikuwa yamepoa. Katikati ya rundo yalikuwa bado moto, na mbegu za uyoga nilizozitia humo zikafa palepale. Mbegu zikifa, chakula kinabaki wazi bila mwenyewe, na ukungu hauchelewi kupata habari. Baada ya wiki mfuko mzima ulikuwa kijani, unanuka kama chumba kilichofungwa mvua nzima. Siku hizi nayatandaza kwenye turubai safi, nayageuza, na sitii mbegu mpaka nimeingiza kipimajoto katikati kikasoma chini ya nyuzi 30. Kipimajoto hichohicho ambacho nadhani kiko kwako, lakini hilo baadaye.

Inawezekana pia hayakuiva. Joto la maji liwe kati ya nyuzi 70 na 80, saa nzima au zaidi, na uyakandamize kwa jiwe yasielee, maana yanayoelea hayaivi na ndiyo yanayoharibu mengine. Huna kuni za kutosha? Wengine wanaloweka kwenye maji baridi yenye chokaa usiku kucha, inafanya kazi, mimi tu nimezoea moto. Baadaye kamua konzi moja kwa nguvu. Yakidondoka matone mawili matatu katikati ya vidole, ndiyo. Maji yakitiririka, yaache yachuje zaidi. Mfuko uliojaa maji chini ni nyumba ya wageni ya kila mdudu.

Nisisahau hili, nalo ni zito. Kwenye pembe ya picha ya pili nimeona vimeota vitu vyembamba vya kijivu, kofia kama kengele, kimoja kimeyeyuka na kuacha weusi kama wino. Hujauliza juu yake, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi, usije ukavichanganya sufuriani. Hivyo si vyetu. Chochote kilichoota mfukoni ambacho hukukipanda, usikile na usimpe mtu, hata kikiwa kizuri vipi. Hivyo vya wino hupenda kutokea malighafi ikizidiwa na rutuba, kwa mfano mtu akitia pumba nyingi au samadi. Ulitia?

Huo utakaovuna leo utakuwa mwingi kuliko mnavyoweza kumaliza. Upike uive vizuri, usimpe mtoto mbichi. Uliobaki uchane vipande virefu, uutandaze juani ile mikunjo ikiangalia juu. Jua linaujaza vitamini D, na ukikauka kabisa unakaa miezi. Usishtuke ukinywea, karibu asilimia 90 yake ni maji. Ila uanike nje, na ule uliofunguka sana uuchane ukiwa nje vilevile.

Usiikatie tamaa mifuko minne iliyobaki. Haijachoka. Ukishavuna, iache ipumzike, ukiilinda isikauke, na baada ya wiki moja au mbili itachipua tena. Mimi navuna mara tatu, mara nyingine nne, kila mara ukipungua, halafu mabaki nayamwaga bustanini. Sitaki kabisa usikie maneno yangu ya leo ukaacha. Ulikaa na utandu ule wiki tatu gizani, unaugusa kwa macho tu, ukaniandikia zamani zile kwamba unanusa harufu kama ya msitu baada ya mvua ukipita karibu. Mtu anayeisikia harufu hiyo anaijua kazi. Tatizo ni chumba tu, na kofia zilizoachwa siku mbili zaidi.

Lakini chumba, Somo. Narudi hapohapo maana nakujua, utasoma ya vikonyo na ya ukijani, utaanza kupima maji, na mtoto atalala palepale usiku mmoja zaidi. Kama huwezi kufanya lolote leo, mtoe mtoto tu. Mifuko itasubiri kesho.

Sasa niambie. Anakohoa zaidi usiku au akiamka? Alipolala kwa bibi yake siku zile mbili alikohoa? Wewe mwenyewe je, kile kichwa ulichosema kinakugonga jioni, kinakuja siku za kuvuna au siku yoyote? Mbegu ulipata wapi safari hii, na chupa ilipofika ilikuwa nyeupe yote au ilikuwa na madoa? Kila mfuko umeutoboa matundu mangapi? Yule fundi alikutengenezea rafu hiyo chumbani kwa sababu ulimwomba, au ndiyo mahali alipoona pana nafasi? Anaweza kuihamishia kule nyuma? Na kipimajoto changu kirefu, cha mpini wa mbao, kiko kwako au nakisingizia bure?

Nakuja Jumamosi ijayo Mungu akipenda, nitakuja na barakoa mbili na mbegu za mifuko mitatu, tujaze pamoja kule nyuma. Lakini usiningoje kwa ile ya chumba. Nitumie picha usiku huu huu, sitaki ya uyoga. Nataka picha ya kitanda, rafu ikiwa tupu juu yake.

Wako,
Somo