Kaka, zile kaseti za baba zirudi Tabora

Kaka yangu,

Shikamoo. Huku Tabora hatujambo. Mvua zimechelewa, maembe hayakuchelewa, na wote nyumbani wanakusalimu. Barua hii naiweka hadharani kwa makusudi, maana kwenye simu kila nikifika kwenye habari ya kaseti za baba ulizo nazo huko Dar mtandao wako unakata. Hapa haukati, na mashahidi wapo.

Siku ya arobaini ya mama mdogo ulinijibu mbele ya shangazi kwamba zile kaseti ni chakula cha mende, kwamba nyimbo za zamani zote zimo redioni, nifungue Jumapili nisikilize. Basi nafungua. Sufuria ikiwa jikoni na mchele kwenye ungo, nafungua redio ya hapa hapa mjini, maana siku hizi tuna za kwetu, siyo kama enzi zile za Redio Tanzania peke yake kabla watu binafsi hawajaruhusiwa miaka ya 90. Na kweli zilipendwa zinapigwa. Mbaraka Mwinshehe anapigwa, Marijani Rajab anapigwa, Juwata wanapigwa, Mlimani Park ndiyo usiseme. Sina ugomvi nao. Nikisikia magitaa ya Mlimani yanapokezana mpaka leo mkono unaacha kuchagua mchele wenyewe.

Lakini bendi za Tabora ziko wapi? "Dada Asha" ya Tabora Jazz utaisikia, kwa sababu hiyo kila mtu anaijua hadi Mombasa. Baada ya hapo, kimya. Redio ya Tabora, mnara uko Tabora, mtangazaji anakula ugali wa Tabora, na sisi tunapigiwa Morogoro na Dar es Salaam asubuhi hadi adhuhuri.

Nilimpigia simu huyo mtangazaji. Kijana ana adabu, akaniamkia, akaniambia, "Mama, nitajie wimbo niutafute YouTube." Nikamtajia. Akatafuta huku kipindi kinaendelea, akarudi kuniambia haumo, pengine nimechanganya jina la bendi. Mimi! Mtoto wa kota za reli, nimelala nikisikia magitaa ya watu hao kila mwisho wa mwezi, naambiwa nimechanganya. Simlaumu sana. Kwa umri wake, wimbo usiokuwa kwenye simu haukuimbwa.

Ndiyo maana nataka uelewe kwa nini haumo, maana wewe unadhani muziki wa zamani wote uliingia mahali fulani ukahifadhiwa. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi ikitaka santuri, kazi ilikwenda Nairobi. Mwaka 1977 mpaka na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983, na njia hiyo nayo ikawa ya taabu kubwa. Ikabaki studio ya Redio Tanzania kule Barabara ya Pugu. Sasa piga hesabu mwenyewe. Bendi iliyoko Dar es Salaam ilipanda gari na magitaa yake, ikarekodi, jioni ikarudi ukumbini kupiga dansi. Bendi ya Tabora ilikuwa na kilomita zaidi ya 800 za reli mbele yake: nauli za watu wote, ngoma na vipaza sauti kwenye behewa, mahali pa kulala, na madansi ya huku yanasimama mpaka warudi. Wakienda mara moja, watarekodi zile walizoona ni kali kuliko zote. Nyingine zilibaki ukumbini. Na hata hizo zilizorekodiwa, kanda zilibaki Dar. Sisi tulichobaki nacho ni kile kilichodakwa na mtu mwenye redio kaseti, siku wimbo ulipopita hewani.

Na mtu huyo kwa mtaa wetu alikuwa baba.

Wewe ulikuwa mkubwa, unakumbuka vizuri kuliko mimi. Baba gadi wa treni, anakwenda Kigoma na kurudi, Urambo, Kaliua, Uvinza, anarudi na dagaa, mawese, na kaseti amebadilishana na rafiki zake wa Mwanga na Ujiji kule Kigoma. Ndiyo maana kaseti nyingi upande mmoja ni bendi za hapa na upande wa pili ni za ng'ambo ya ziwa, alizodaka usiku wakati stesheni za Burundi na Kongo zinaposikika vizuri kuliko hata ya kwetu. Ile redio ya National ilikaa juu ya kabati na kitambaa chake cha kufuma, na hakuna aliyeigusa zaidi yake na wewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku dirishani.

Betri, kaka! Vijana wanaosoma hapa hawajui betri ilikuwa nini wakati ule maduka yalipokuwa na rafu tupu. Sita kubwa, zikichoka zinaanikwa juu ya bati kama muhogo, zikipata jua zinafufuka kwa taarifa moja ya habari na labda nyimbo mbili. Saa mbili usiku ngoma ikilia kabla ya habari, nyumba nzima inanyamaza. Habari zikiisha baba anazima. Ukitaka afungue tena uwe na sababu, na sababu pekee iliyokubalika ni kadi za salamu zinazosomwa redioni, kwa kuwa mama alikuwa na dada zake Kigoma, na siku majina yetu yaliposomwa alishindwa kula.

Sasa nikuambie kitu kimoja kuhusu ile kaseti yenye karatasi ya bluu. Kuna wimbo wa Nyanyembe Jazz, bendi ya hapa Tabora, upande wa kwanza, unaanza vizuri, solo linaingia vizuri, halafu kadiri unavyokwenda mwimbaji anazidi kuwa na sauti nyembamba, mapigo yanakimbia, mwishoni anaimba kama mtoto wa darasa la pili aliyekimbizwa na nyuki. Miaka yote nilidhani ndivyo walivyotunga. Mume wangu, ambaye ni fundi redio, ndiye aliyenifungua macho: betri zilikuwa zinakufa wakati baba anarekodi. Mota inapopoteza nguvu mkanda unapita taratibu, sauti inabanwa kwenye kipande kifupi. Ukija kuupiga kwa betri nzima unapita kwa mwendo wa kawaida, basi kila kitu kinakwenda mbio. Anasema siku hizi kwa kompyuta unaweza kurudisha mwendo kidogo kidogo mpaka mtu mzima arudi kwenye sauti yake. Wimbo ule sijausikia popote pengine. Kama nakala nyingine ipo, basi iko kwa mzee mwingine aliyekuwa na redio kama baba.

Nawe ulipenda kujisifu na Western Jazz kwa watani zako wa Dar, eti "bendi yetu ya Magharibi". Jina lilikuwa la Jimbo la Magharibi, ni kweli, na walioianzisha walikuwa ndugu zetu, lakini bendi ilizaliwa na kukulia Dar es Salaam. Mtindo wao wa Saboso naupenda, ila wao hawahitaji kuokolewa na mimi. Nawasemea waliobaki huku. Kiko Kids wa Salum Zahoro, waliokuwa wakichezesha watu hapa mjini tangu kabla ya Uhuru. Nyanyembe Jazz. Tabora Jazz wenye Segere Matata yao, enzi ambazo bendi bila jina la mtindo haikuwa bendi, Safari Trippers na Sokomoko, Mlimani na Sikinde. Zahoro mwenyewe uzeeni ilibidi awe Dar, akipiga na Shikamoo Jazz miaka ya 90, ndipo wengi wakamjua. Shem Karenga alitoka Kigoma, Lake Tanganyika Jazz, akaja kuwa sauti ya Tabora Jazz. (Hawa vijana wanaodhani Kigoma imeanza kutoa waimbaji juzi na Bongo Fleva, waulizeni wazee wa Bangwe kule kule Kigoma.) Naye akafia Dar, mwaka 2014. Siku ile redio zote zilipiga wimbo ule ule mmoja, "Dada Asha". Mtu ameimba maisha yake yote, anazikwa na wimbo mmoja.

Sisemi muziki wa sasa haufai. Mwanangu anasikiliza wake na mimi nacheza nao jikoni akiwa hayupo. Wala sisemi kila kilichomo kwenye makasha ya baba ni dhahabu. Kuna kaseti nzima ya hotuba, kuna ile ambayo baba amerekodi mpira na mawimbi yamejaa mikwaruzo dakika zote 90, na kuna moja ambayo ukiisikiliza vizuri utajisikia mwenyewe unaimba, na kwa heshima yako hiyo haitakwenda redioni. Lakini hatuwezi kujua kipi ni kipi mpaka zifunguliwe, na hazitafunguliwa zikiwa chini ya kitanda Mbagala.

Maana hapo ndipo penye hatari. Wewe unasema ziko salama. Dar ina unyevu, kaka, nguo za kabatini zenyewe zinaota ukungu, sembuse mkanda. Mume wangu ameshaziona za namna hiyo: doa jeupe pembeni ya mkanda, ukiitia tu kwenye redio hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, inachafuka, mkanda unanata, unavutwa ndani na kujikunja kama tambi, na ukikatika umekatika. Huku kwetu hewa ni kavu. Vumbi lipo, silikatai, lakini vumbi unalifuta.

Yule mtangazaji nimekwisha kuzungumza naye. Amekubali kwamba nikimpelekea nyimbo zikiwa zimesafishwa, zenye jina la bendi na mwaka kama upo kwenye karatasi ya baba, atazipa nafasi kila Jumapili, na amesema atawaomba wasikilizaji wapige simu kutaja wapiga gitaa. Wazee wanaowajua bado wapo mitaani, Isevya, Gongoni, Ng'ambo, lakini kila mwaka tunazika. Ukisubiri ustaafu uje nazo mwenyewe, hatutabaki na wa kumuuliza.

Kwa hiyo, kaka, kwa unyenyekevu wote wa mdogo wako: mwanao wa pili anakuja Desemba, mpe. Zisiwekwe buti la basi, kule chini kuna joto la kupikia chai, azipakate. Usizijaribu kwanza kwenye ile redio yako inayokula mikanda, hata kama shauku imekushika. Karatasi za ndani zisitolewe, mwandiko wa baba ndio orodha pekee tuliyo nayo. Na kabla hujazifunga, chukua bisibisi uvunje vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kaseti ili isiweze kurekodiwa tena. Wifi nampenda, ila namjua na kwaya yake.

Mdogo wako,
Tabora